Kostiki inayolala usiku: mwongozo wa kushika kemikali za sodiamu na potasiamu

Asubuhi moja ya Juni, Uyole hapa Mbeya, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, mtoto wa dada mmoja wa kikundi chetu cha sabuni aliamka na kiu. Uani palikuwa na ndoo nyeupe ya lita 20 iliyofunikwa kwa sinia. Ndani yake kitu kama maji: hakina rangi, hakina harufu. Akachota kwa kikombe. Ilikuwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, tuliyoiloweka jana yake. Funda la kwanza lilipita, la pili akalitema akipiga kelele.

Nitarudi kwake. Nimeanza naye kwa sababu maelekezo ya sabuni yanayozunguka kwenye simu husema "loweka kostiki, acha ilale saa 24", kisha yanaruka moja kwa moja kwenye mafuta. Hayasemi ndoo hiyo ilale wapi, ifunikwe na nini, wala nani aambiwe. Wengi huogopa kostiki wakati wa kuikoroga, inapotoa joto na mvuke. Ikishapoa na kutulia wanaizoea, na hapo ndipo inapowapata watu wasiohusika.

Ukoo mmoja, tabia mbalimbali

Sodiamu na potasiamu ni metali za ukoo mmoja unaoitwa metali alkali, pamoja na lithiamu, rubidiamu na sesiamu. Katika maisha yetu tunakutana na misombo yao. Chumvi ya mezani ni ya sodiamu, na magadi pia. Kostiki ni sodiamu haidroksaidi. Jiki ni sodiamu haipokloraiti iliyoyeyushwa kwenye maji. Mbolea ya potashi wanayowekea viazi Mbeya na Njombe ni ya potasiamu. Sayanaidi ya Chunya, ile ya kuchenjulia dhahabu, mara nyingi ni ya sodiamu.

Kwa hiyo kuuliza "sodiamu ni sumu?" hakukufikishi popote. Uliza sodiamu imeshikana na nini. Wataalamu wa sumu hupima kiasi kinachoua nusu ya panya wa maabara, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Chumvi ya mezani ni takriban 3,000. Soda ya kuokea mandazi inapita 4,000. Potashi ya mbolea ni karibu 2,600. Sayanaidi ya sodiamu haifiki 10. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi.

Sasa angalia mfuko wa kostiki. Hauna alama ya fuvu. Una picha ya mkono na kipande cha chuma vinavyoliwa na matone. Nimesikia muuzaji akimwambia mteja, "Hii si sumu, ingekuwa sumu ingewekwa fuvu." Fuvu huwekewa kemikali inayoua kwa kuingia mwilini na kusambaa kwenye damu. Kostiki inaua kwa njia nyingine: inakula pale ilipogusa. Hiyo namba ya panya haikuelezi chochote kuhusu jicho lako.

Tena inakula kwa namna yake. Asidi ikigusa ngozi mara nyingi huigandisha nyama ya juu, na ule mgando huizuia kidogo isizame. Kostiki inayeyusha. Inageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, kazi ileile unayoitakia kwenye mawese, halafu inaendelea kushuka. Ndiyo maana ikikugusa unasikia utelezi kabla ya maumivu. Ukiona vidole vinateleza, usingoje viwake moto ndipo utafute maji.

Kabla ya kufungua mfuko

Anza na maji, na ninamaanisha maji ya kuokolea. Kuosha jeraha la kostiki kunataka dakika 20 kwa uchache, na maji yawe yanatiririka. Ukimwaga lita mbili kwa dakika, hizo ni lita 40. Bomba zetu zinakatika bila kuaga, hasa Septemba na Oktoba, kwa hiyo kuwa na bomba uani hakutoshi. Kikundi chetu kina sheria ya ndoo tatu: lita 60 za maji safi na jagi juu yake, hatua mbili kutoka pa kazi, na hakuna anayeruhusiwa kuzichota kwa kuoshea vyombo. Ndoo zisipojaa, kostiki haifunguliwi.

Halafu mavazi. Miwani ya kinga inayoziba pembeni ndiyo ya kwanza, tena kabla ya glovu. Mkono ukiungua unapona na kovu, lakini jicho likiungua kwa kostiki linaweza kupofuka. Miwani ya jua haizuii kitu. Glovu ziwe ndefu za mpira mzito, si zile nyembamba za hospitali. Vaa shati la mikono mirefu, aproni ya plastiki na gambuti, na suruali ipite juu ya gambuti. Ukiichomeka ndani, tone litashuka hadi kwenye kisigino, nalo litakuunguza humo bila wewe kujua.

Vyombo viwe vya plastiki nene au chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakikosea. Kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka. Ukiloweka kwenye sufuria utaona mapovu, chombo kitachemka chenyewe na mwisho kitatoboka. Kama kuna jiko la mkaa karibu, una moto. Ndoo ya bati pia ina zinki inayoliwa vilevile. Mwiko wa mbao unafaa kwa siku chache, kisha unaanza kuchanika nyuzi.

Kuloweka

Pima kwa mizani. Kikombe hakifai, kwa sababu vipande vya kostiki vinakaa kwa ujazo tofauti kila mfuko. Kilo moja ya mawese, yawe ya Kyela au ya Kigoma, inahitaji takriban gramu 141 za kostiki ili mafuta yote yageuke. Alizeti ni kama 135, nazi ni 183. Punguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki isibaki: mawese 134, alizeti 128, nazi 174. Kostiki inayozidi haiendi popote, inabaki ndani ya mche na kumchubua mteja mikono. Usiijaribu sabuni mbichi kwa ulimi, kama mafundi wa zamani wanavyofanya. Tumia karatasi za kupimia alkali, na iache ikauke wiki nne.

Maji yawe mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wa kostiki. Na yawe baridi. Hili nalisisitiza kwa watu wa kwetu, maana asubuhi za Juni na Julai, Mbeya au Makete, mtu anaona maji yanauma vidole anayapasha kwanza. Kostiki ina moto wake. Kwenye maji baridi, mchanganyiko hupanda hadi nyuzi 80 na zaidi ndani ya dakika chache. Hapa Mbeya mjini, kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ukianza na maji ya moto, yatachemka ghafla na kukurukia.

Mpangilio ni huu. Ndoo iwe chini, mahali tambarare, nje au penye hewa, nawe simama upande upepo unakotoka. Tia maji kwanza. Kisha nyunyiza kostiki kidogo kidogo huku unakoroga polepole, na subiri kila fungu liyeyuke kabla ya kuongeza. Maji juu ya kostiki, hapana: tabaka la juu linayeyuka, linachemka, na kinachoruka ni kostiki yenyewe. Uso usiwe juu ya ndoo. Ule mvuke wa mwanzo una matone madogo sana yanayowasha koo na pua, na ukishaanza kukohoa umeshachelewa kusogea.

Usisimamishe kukoroga katikati ili upokee simu. Kostiki isiyokorogwa inaganda chini kama jiwe, na kesho mtu ataligonga kwa mwiko na kujirushia.

Wanaotengeneza sabuni laini kwa potasiamu haidroksaidi wafanye yote hayo. Inawaka vilevile, na uzito wake ni mkubwa: panapohitajika gramu 100 za kostiki, yenyewe ni gramu 140. Usibadilishe moja kwa nyingine kwa kukisia.

Ndoo inapolala

Kwa kweli hakuna sababu ya lazima ya saa 24. Kinachosubiriwa ni mchanganyiko upoe, na kwa baridi yetu unapoa kwa saa chache. Ukiloweka saa mbili asubuhi, mchana unaweza kumwaga kwenye mafuta. Kikundi chetu sasa kinaloweka na kupika siku ileile, na sabuni haijaharibika.

Kama ni lazima ilale, tumia dumu lenye mfuniko wa kukaza, si ndoo na sinia. Subiri mchanganyiko upoe kabisa kabla ya kukaza. Liandike kwa maandishi makubwa, na kwa kuwa mtoto hasomi, liwe dumu la rangi ambayo nyumba hiyo haichotei maji. Lifungiwe kwa kufuli. Kila anayelala katika nyumba hiyo aambiwe, hata mgeni aliyeingia na basi la usiku. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa usiitumie kamwe, hata kwa dakika tano, hata kwa "ninampelekea jirani tu".

Ile ya unga nayo inataka makazi. Inavuta unyevu wa hewa, na wenzetu wa Tukuyu, ambako mvua haina likizo, wanajua mfuko uliofunguliwa unavyotoa jasho kwa siku moja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, wapo wauzaji wa rejareja wanaopima kostiki kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Mtu anaiweka mapajani kwenye daladala kutoka Mwanjelwa, na akifika nyumbani sketi ina matundu. Nenda na kopo lako la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha.

Jambo la nyumba za wakulima: usiweke kostiki stoo moja na mbolea za CAN, SA au DAP. Hizo zina amonia. Kostiki ikimwagikia humo inaifukuza amonia itoke kama gesi, na stoo isiyo na dirisha inakuwa mtego. Usiiweke pia jirani na chumvi, sukari wala unga. Mfuko ukiisha ukatekate, usiutie mahindi wala viazi.

Ikimwagika ikiwa kavu, zoa kwa kizoleo cha plastiki kwanza, kisha ndipo uoshe sakafu kwa maji mengi. Ikiwa ni ya maji, izungushie mchanga mkavu. Siki unaweza kuimwagia sakafu mwishoni. Sakafu, si ngozi.

Ndugu wengine, kwa kifupi

Magadi ya kulainishia maharage, ambayo mwinuko huu unatulazimisha tuyapike nusu siku, ni ya upole ukilinganisha. Lakini unga wake unawasha macho, na maji yake mazito hayafai kunywewa kama dawa ya kiungulia. Magadi ya kiwandani yanayotumika kwenye sabuni ya maji yanataka glovu na miwani pia, hasa yanapokutana na asidi ya salfoniki: yanatoa povu kwa nguvu na kufurika chombo.

Jiki hatari yake kubwa ni kuchanganywa. Ukiimimina chooni juu ya dawa ya kusafishia yenye asidi, inatoka gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, kwa hiyo inakaa chini na wewe umeinama unasugua. Ukisikia harufu kali inayokaba, acha kila kitu, toka nje, mlango wazi. Usirudi kufuata brashi.

Maabara za shule zina sodiamu yenyewe, metali laini iliyozamishwa kwenye mafuta ya taa. Mwalimu akate kipande kisichozidi punje ya mchele kwa onyesho la kwenye maji, na wanafunzi wasimame nyuma ya kioo. Ikiwaka ifunike kwa mchanga mkavu, mkavu kweli. Maji yanauchochea moto huo, na kizimamoto cha kaboni dayoksaidi hakiufai. Potasiamu ya zamani iliyoota ganda la njano isikatwe wala kukwaruzwa, inaweza kulipuka. Mpigie Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ofisi yake ya kanda hii iko Mbeya mjini. Hao hao ndio wanaosajili wanaoingiza, kutunza na kuuza kemikali chini ya sheria ya 2003, kwa hiyo muuzaji asiyeweza kukuonyesha usajili wake mwache na mfuko wake.

Sayanaidi si kemikali ya kujifunza kwa kusoma ukurasa huu. Hata hivyo kwa vijana wanaopata kibarua kwenye mitambo ya uchenjuaji Chunya na Makongolosi, haya myajue kabla ya siku ya kwanza. Sayanaidi ikiwa ndani ya maji yenye alkali inatulia. Alkali ikipungua, inatoka kama gesi. Ndiyo maana chokaa hutangulia, na kipimo cha alkali (pH) hakitakiwi kushuka chini ya 10. Asidi yoyote isikaribie. Harufu yake wengine huifananisha na lozi chungu, lakini wapo ambao pua zao haziisikii kabisa, kwa hiyo "sijasikia harufu" si kipimo. Usifanye kazi peke yako, usile wala kuvuta sigara pale, na nguo za kazi zisiende nyumbani. Mwenzako akianguka usimkimbilie bila kifaa cha kupumulia, utalala kando yake. Akishatolewa kwenye hewa safi, mvue nguo, mwoshe, apewe oksijeni, na usimpulizie mdomo kwa mdomo. Dawa za kuivunja sumu hiyo zipo, ila ni za kudungwa na mtaalamu, hivyo kabla hujaajiriwa uliza: zinapatikana kituo gani, na gari lipo? Pipa lililobeba sayanaidi haliwi pipa la maji, hata lioshwe mara saba.

Mtu akiungua

Ngozi: kama kostiki ni kavu, ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, haraka, kisha maji. Vua nguo zote zilizoguswa, pamoja na pete, bangili na saa. Mwagia maji yanayotiririka dakika 20 bila kupunguza, na kama bado panateleza endelea. Dakika 20 ni ndefu kuliko mtu anavyodhani, kwa hiyo mmoja ashike jagi na mwingine aangalie saa. Hapana limau, hapana siki, hapana dawa ya meno, hapana asali. Asidi ikikutana na kostiki mwilini inaongeza joto juu ya kidonda.

Jicho: lala ubavu, jicho lililoumia liwe chini ili maji yasiingie kwenye lile zima. Mtu mwingine ayafungue makope kwa vidole, maana mwenyewe hataweza. Osha nusu saa, ndipo hospitali, na njiani uendelee kumwagia kwa chupa. Usikubali kupakizwa bodaboda dakika ya pili kwa sababu watu wanapiga kelele "hospitali, hospitali". Hizo dakika za kwanza za maji ndizo zinazoamua kama utaona.

Kumeza: usimtapishe. Kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Usimpe maziwa kwa vikombe, mayai mabichi, mafuta wala mkaa wa unga. Asukutue kinywa na kutema. Kama yuko macho kabisa na anameza mate, mafunda machache madogo ya maji hayana ubaya. Akikohoa au kutoka udenda, asipewe kitu. Kisha hospitali yenye uwezo wa kupitisha kamera kooni. Kwa Mbeya ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kamera hiyo inafaa kupitishwa ndani ya siku ya kwanza. Nenda na dumu au mfuko wenyewe ili daktari aone ni nini. Midomo kuwa mizima isikudanganye, koo linaweza kuwa limeliwa na mdomo usionyeshe doa.

Yule mtoto wa Uyole alipewa maziwa na jirani aliyekuwa anajaribu kusaidia, akatapika yote njiani. Siku ya pili alionekana nafuu, akawa anacheza. Mama yake akataka kumrudisha nyumbani, na aliyemzuia alikuwa muuguzi aliyejua kinachofuata: kidonda cha koo kinapopona kinajikunja, na njia inabana baada ya wiki tatu au nne. Ndivyo ilivyokuwa. Kwanza ugali ukakwama, halafu wali, mwisho hata uji mzito. Alipanuliwa koo mara tano. Sasa anakula ugali, matonge madogo, na maji kando ya sahani.